Kwasasi: Leseni ya Mtambo wa Makaa ya Mawe Ilivyotolewa na Ilivyobatilishwa

Mwezi wa Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi iliitupa rufaa ya kampuni ya Amu Power, na hivyo ukabaki kama ulivyo uamuzi uliotolewa Nairobi tarehe 26 Juni 2019 wa kubatilisha leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, katika Kaunti ya Lamu. Tangu habari hiyo itufikie hapa Stockholm tumeulizwa na familia kadhaa, khasa vijana waliozaliwa huku, maswali mawili. La kwanza, mtambo huo ulikuwa nini hata watu wakashughulika nao karibu miaka kumi? La pili, vipi mji mdogo kama ule uliweza kuusimamisha mradi uliopangwa na Serikali, ukatafutiwa fedha na mabenki makubwa ya Asia na Afrika, na kupewa muhuri na mamlaka ya nchi? Makala haya yanajaribu kuyajibu yote mawili, na la pili tutalikalia zaidi, kwa sababu jibu lake limo katika utaratibu wa kisheria ambao wengi wetu huuona ni mambo ya makarani tu.

Tuanze na jina, kwani nalo lina maana yake. Kampuni ilijiita Amu Power. Msomaji wa Mwambao hahitaji kuambiwa kuwa Amu ndilo jina ambalo wenyeji wanauitia mji wao. Lamu ni jina la ramani na la ofisi. Kwa hiyo mradi ambao wenyeji wengi waliupinga ulikuja umevaa jina la mji wenyewe.

Kwasasi iko bara, kiasi cha kilomita 20 kaskazini ya mji wa kale wa Lamu, pembezoni mwa Ghuba ya Manda. Ng'ambo ya maji kiko kisiwa cha Pate, chenye Pate yenyewe, Siyu na Faza, na magofu ya Shanga ambako mtaalamu wa mambo ya kale Mark Horton alichimbua misingi ya misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8. Kusini yake kipo kisiwa cha Manda chenye magofu ya Takwa. Maji yaliyo baina ya visiwa hivi ndiyo ya wavuvi, na kingo zake ni za mikoko. Sehemu kubwa ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Boriti za mikoko hiyo zilipakiwa majahazini kwa karne nyingi kwenda Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kuezekea ni adimu, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba, kuanzia nyumba za Amu mpaka nyumba za Oman na Kuwait. Familia nyingi zinazosoma jarida hili zimelala chini ya dari za miti hiyo, ama Mwambao ama Arabuni, na hazikuwahi kuuliza ilikatwa wapi.

Mji wenyewe wa Lamu uliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Ngome yake, iliyojengwa baina ya 1813 na 1821 baada ya vita vya Shela, Msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh, madaka na zidaka za nyumba zake: haya yamekwisha kuandikwa sana na hatutayarudia. Jambo moja tu ndilo linalotuhusu hapa. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe, zimeshikwa kwa chokaa na kupakwa chokaa, na chokaa hiyo imechomwa kutokana na matumbawe yale yale.

Nini kilichotaka kujengwa

Mtambo uliombewa leseni ulikuwa wa megawati 1,050, yaani mashine tatu za megawati 350 kila moja. Gharama ilikadiriwa kuwa dola bilioni 2. Zabuni ilitangazwa wakati Serikali ya Kenya ilipokuwa na mpango, ulioanzishwa 2013, wa kuongeza megawati 5,000 katika muda wa miezi 40, na mwaka 2014 ilishindwa na ushirika wa Gulf Energy na Centum, makampuni mawili ya Kenya yaliyounda Amu Power. Ujenzi ungefanywa na kampuni ya Kichina, na sehemu kubwa ya mkopo ingetoka katika benki ya ICBC ya China. Makaa ya mawe yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini mpaka hapo yatakapochimbwa yale ya bonde la Mui, Kitui. Dohani ya kutolea moshi ingekuwa na urefu wa mita 210. Maji ya kupoozea mashine yangevutwa baharini na kurudishwa baharini yakiwa na joto, na majivu yangelundikwa katika uwanja maalumu karibu na pwani.

Mradi huu haukuja peke yake. Tarehe 2 Machi 2012 marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini, pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, walizindua Lamu ule mpango mkubwa wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta unaojulikana kwa jina la LAPSSET. Bandari na umeme vilifikiriwa pamoja: bandari na viwanda vitahitaji umeme, na umeme utahitaji bandari ya kupokelea makaa. Ukiitazama kutoka Nairobi, hesabu hii ilikuwa na mantiki yake. Lakini mwaka 2019 mahitaji ya juu kabisa ya umeme Kenya nzima yalikuwa bado hayajafika megawati 2,000. Mtambo mmoja wa megawati 1,050 ungekuwa zaidi ya nusu ya mahitaji hayo.

Si haki kusema kwamba Lamu nzima iliupinga. Kwa miaka mingi mji huo ulipata umeme wa majenereta ya dizeli, na aliyekaa gizani haoni ajabu mtu kuutaka mtambo. Kampuni iliahidi ajira, na wako vijana wa Lamu, wenye vyeti na wasio na vyeti, waliozipenda ahadi hizo. Wako waliokuwa na mashamba Kwasasi waliongojea fidia na wakakasirika kuona mambo yanacheleweshwa. Wapinzani walikuwa wamekusanyika katika Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji ulioanza kujishughulisha tangu habari ya bandari ilipoenea, wakisaidiwa na mawakili wa mashirika ya haki na mazingira ya Nairobi. Mwanahistoria atakayeandika habari hii kesho asije akaifanya ni hadithi ya mji mmoja wenye sauti moja. Amu haijawahi kuwa na sauti moja. Mitaa yake miwili mikongwe, Mkomani na Langoni, ilishindana katika mambo madogo kuliko haya.

Njia ya leseni

Sheria inayotawala jambo hili Kenya ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999. Kwa sheria hiyo mradi mkubwa wa namna hii hauanzi mpaka mwenye mradi afanye tathmini ya athari kwa mazingira, aiwasilishe kwa Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, ambayo wengi huijua kwa jina la NEMA, na apate leseni. Kanuni za 2003 zinaeleza vipi tathmini ifanywe, na kanuni ya 17 ndiyo iliyokuja kuwa roho ya kesi. Inasema kwamba wakati wa kufanya uchunguzi, mwenye mradi lazima atafute maoni ya watu watakaoathirika: abandike matangazo mahali pa wazi karibu na eneo la mradi, atangaze katika gazeti kwa wiki mbili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na kwa lugha ya wenyeji, na afanye angalau mikutano mitatu ya hadhara. Ripoti ikishakuwa tayari, Mamlaka hutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali na magazeti ya kawaida kuwa ipo, mahali inapoweza kusomwa, na muda wa watu kutoa maoni, kwa mdomo au kwa maandishi.

Juu ya yote hayo iko Katiba ya 2010. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 69 inailazimu Dola kuhimiza wananchi kushiriki. Na ibara ya 70 ina kifungu ambacho tungependa kila familia ikijue: anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo halazimiki kuthibitisha kuwa amepata hasara au ameumia.

Kwa nini kifungu hiki ni kikubwa kwa watu wa Lamu? Kwa sababu ya taarikhi ya ardhi. Kazi ya kuandikisha milki za pwani iliyoanza kwa sheria ya kikoloni ya mwaka 1908 haikufika sehemu kubwa ya bara ya Lamu. Ardhi ambayo haikuandikwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali, hata kama palikuwa na mashamba, visima na makaburi. Kisha zikaja fujo za shifta za miaka ya 1963 hadi 1967, na watu wengi wa bara na wa pwani ya kaskazini, Wabajuni khasa, wakahamia visiwani, Malindi, Mombasa na kwengineko. Baadhi ya wasomaji wetu ni wajukuu wa watu hao. Katika mambo ya fidia ya ardhi swali la kwanza la ofisi ni hati, na familia hizi hazina hati. Lakini katika mambo ya mazingira sheria haikuulizi hati. Inakuuliza kama wewe ni mtu na kama hewa, maji na mji vinaharibiwa. Kwa watu ambao kwa zaidi ya miaka mia wameshindwa kila mara katika mlango wa hati, huu ulikuwa mlango mwengine.

NEMA ilitoa leseni mwezi wa Septemba 2016. Sheria inampa asiyeridhika siku 60 kukata rufaa mbele ya Baraza la Rufaa za Mazingira, chombo chenye hadhi ya kimahakama kinachokaa Nairobi. Save Lamu pamoja na wakaazi watano walikata rufaa mwezi wa Novemba. Hapo pana jambo ambalo magazeti hayakulitilia maanani sana: kwa mujibu wa kifungu cha 129 cha sheria ile kama kilivyokuwa wakati huo, rufaa ikishawasilishwa, hali ilitakiwa ibaki kama ilivyo mpaka uamuzi utolewe. Kwa hiyo tangu siku hiyo Kwasasi haukusimama hata ukuta mmoja wa mtambo. Miaka miwili na nusu ya kusikiliza mashahidi, ambayo iliwachosha wenyeji kwa safari na gharama, iliichosha kampuni zaidi, maana fedha za mkopo hazingoji.

Baraza lilisema nini

Uamuzi wa 26 Juni 2019 ni mrefu, na wengi wanaousimulia hufupisha wakasema kuwa Baraza liliyakataa makaa ya mawe. Halikufanya hivyo. Halikusema kwamba Kenya haiwezi kujenga mtambo wa makaa, wala kwamba Lamu haiwezi kuwa na mtambo. Lilisema kuwa leseni ilitolewa bila ya kufuatwa sheria, na kama kampuni inataka kuendelea, na ianze tathmini upya.

Kosa kubwa lilikuwa la mpangilio wa mambo. Mikutano ilifanyika, hilo halikubishwa. Lakini mikutano iliyofanyika kabla ya uchunguzi kukamilika ilikuwa ya utangulizi, ya kuwaambia watu kuwa mradi unakuja. Baada ya kujulikana nini hasa kitatoka katika dohani, majivu yatawekwa wapi na maji ya moto yatamwagwa wapi, watu hawakurudiwa na habari hizo kwa njia inayotakiwa. Kuulizwa kabla ya habari kuwepo si kuulizwa. Ripoti yenyewe ilikuwa ni kurasa nyingi mno za Kiingereza cha kitaalamu, na Baraza liliona kwamba ugumu wa kitaalamu hauwi udhuru wa kuwaacha wananchi nje. Jambo likiwa gumu, ndivyo linavyozidi kuhitaji kuelezwa. Kosa jengine lilihusu mabadiliko ya tabianchi. Kenya ilikuwa imepitisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka huo huo wa 2016, na ripoti haikuizingatia inavyostahili, ingawa mtambo wenyewe ndio ungekuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya moshi wa aina hiyo nchini.

Hukumu hii ilitanguliwa na nyengine ambayo ni dada yake. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliyokaa Malindi, katika kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake kuhusu bandari ya Lamu, iliamua kuwa wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76, na kwamba haki yao ya uvuvi wa jadi na ya utamaduni wao ilikiukwa. Sisi tunaiona kesi hii kuwa na uzito mkubwa kwa mwanahistoria kuliko ile ya mtambo. Ndani yake mahakama ilizichukulia desturi za bahari, nani huvua wapi, kwa chombo gani na kwa msimu upi, kuwa ni ushahidi. Mambo ambayo wazee waliyajua kwa kichwa yaliingia katika kumbukumbu za mahakama.

Chokaa na tindikali

Wasomaji wametuuliza pia kama ni kweli moshi wa kilomita 20 unaweza kuudhuru ukuta wa Amu. Jibu la kemia ni jepesi. Makaa ya mawe yana salfa. Ikiungua hutoa gesi ambayo ikikutana na unyevu hewani hugeuka tindikali, na tindikali huila chokaa. Ukuta wa matumbawe ni chokaa mwanzo hadi mwisho. Kiasi cha madhara hutegemea vichujio, pepo na aina ya makaa, na juu ya hayo mashahidi wa pande mbili hawakukubaliana. Kamati ya Urithi wa Dunia, ilipokutana Baku mwezi wa Julai 2019, siku chache baada ya uamuzi wa Nairobi, ilieleza wasiwasi wake juu ya mtambo huo na athari zake kwa mji wa kale.

Hapa tulipo jambo hili linajulikana vizuri kuliko wanavyodhani wengi. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Kiswidi Svante Odén alionesha kuwa mvua inayonyesha Uswidi inazidi kuwa na tindikali kwa sababu ya moshi unaosafiri kutoka nchi nyengine, na Uswidi ikalipeleka jambo hilo mbele ya mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya mazingira uliofanyika Stockholm Juni 1972. Maziwa yake mengi yalikuwa yamepoteza samaki. Dawa iliyotumika ni kumwaga unga wa chokaa majini, kwa mashua na hata kwa helikopta, mwaka baada ya mwaka, na kazi hiyo inaendelea mpaka leo. Mtu wa Amu anayeijua bei ya kuchoma tanuri moja la chokaa atapata taabu kuamini kuwa iko nchi inayoimwaga ziwani. Mkutano ule wa Stockholm ndio uliozaa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yakawekwa Nairobi, mji ule ule ambamo kesi ya Lamu ilikuja kusikilizwa.

Na tusijifanye tuko mbali na makaa. Katika mtaa wa Hjorthagen, hapa Stockholm, mtambo wa Värtaverket ulichoma makaa ya mawe yaliyoletwa kwa meli, na joto lake likapelekwa majumbani kwa mabomba. Wengi wetu tumeoga maji hayo miaka mingi bila ya kujua. Mashine yake ya mwisho ya makaa ilifungwa Aprili 2020, miezi kumi hivi baada ya uamuzi wa Nairobi. Na msikiti wa Medborgarplatsen, ambamo baadhi yetu tunasali Ijumaa, ulijengwa mwaka 1903 na msanifu Ferdinand Boberg kuwa kituo cha umeme. Umekuwa msikiti tangu mwaka 2000. Lau jengo la umeme linaweza kuishia kuwa msikiti, basi si umeme tunaougombania, bali mahali pake na namna ya kuamua.

Kuhusu namna ya kuamua, Uswidi nayo ilipewa somo lake. Jiji la Stockholm lilitaka kuchimba njia ya chini ya ardhi ya kupitishia nyaya za umeme upande wa kaskazini wa Djurgården, badala ya nyaya zilizokuwa zikipita juu. Kazi hiyo ilihitaji kuondosha maji ya ardhini, na chama kidogo cha wenyeji wa hapo kikapinga. Mahakama za Uswidi zikakataa kukisikiliza, kwa sababu sheria ilitaka chama cha mazingira kiwe na wanachama 2,000 ndipo kiweze kukata rufaa. Mambo yakafika Mahakama ya Ulaya, ambayo tarehe 15 Oktoba 2009 iliamua kuwa sharti hilo linawafungia mlango wananchi wa mahali, na mwaka uliofuata Uswidi ikashusha idadi kuwa wanachama 100, au chama kioneshe kwa njia nyengine kuwa kinaungwa mkono na watu. Tukilinganisha, wakaazi watano na muungano wao waliweza kuingia katika Baraza la Nairobi bila ya kuhesabiwa vichwa. Tunaliandika hili kwa sababu katika nyumba zetu huku imekuwa mazoea kudhani kwamba kila kilicho bora katika sheria kimetoka kaskazini kwenda kusini.

Fedha zilivyoondoka

Baada ya uamuzi kampuni ilikata rufaa, lakini huku ikingoja, waliokuwa wakiutilia mradi fedha walianza kujitoa. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilisema Novemba 2019 kuwa haitautia fedha. General Electric, iliyokuwa imekubali kuingia ubia mwaka 2018, ilitangaza Septemba 2020 kuwa inaacha kujenga mitambo mipya ya makaa. ICBC ilijitoa Novemba 2020. Septemba 2021 China ilitangaza kutojenga tena mitambo ya makaa nje ya nchi yake.

Hesabu yenyewe nayo ilikuwa imewatisha watu. Wachumi wa taasisi ya IEEFA, katika uchambuzi wao wa mwaka 2019, walionesha kuwa kwa mkataba wa kununua umeme uliokuwapo Kenya ingelilipa kiasi cha dola milioni 360 kila mwaka kwa miaka 25, umeme utoke usitoke. Jumla yake inapita dola bilioni 9. Mkataba wa namna hiyo humlipa mwenye mtambo kwa kuwa tayari, si kwa alichozalisha, na anayebeba mzigo ni mwenye mita nyumbani. Kwa maoni yetu hoja hii ndiyo iliyouvunja mradi nje ya Lamu. Mtu wa Nakuru au wa Kisumu hakuwa na sababu kubwa ya kuyahangaikia matumbawe ya Amu, lakini bili ya umeme anaijua.

Na pwani haijatulia. Huko Uyombo, Kilifi, wenyeji waliandamana mwaka 2024 dhidi ya mpango wa mtambo wa nyuklia, na wengi wa waliosema walikuwa wameijifunza njia ya Lamu hatua kwa hatua: matangazo, ripoti, mikutano, siku za rufaa.

Kuhusu Kwasasi, kilichobatilishwa ni leseni. Eneo lipo, na mwenye mradi yeyote anaweza kuanza tathmini mpya kesho. Ikiwa hivyo, tangazo litatoka katika Gazeti Rasmi na muda wa maoni utatajwa humo. Maoni ya maandishi hayamtaki mtu awe Lamu. Familia zilizo na picha za Ghuba ya Manda, barua zinazotaja mashamba na visima vya bara, hati za wakfu, hesabu za boriti au daftari za majahazi, tunaziomba zitengeneze nakala mbili, moja ibaki nyumbani na moja ikae kwa jamaa aliye Mombasa au Amu, na nyuma ya kila picha pawe na jina la mahali, mwaka, na nani aliyesema hivyo. Picha ya ufuo isiyo na jina la ufuo haimsaidii wakili.